Kichwa Kisichosikia Panadol

Katika machimbo ya dhahabu ya Chunya, mtu akiumwa kichwa hakimbilii hospitali. Anapita duka la dawa muhimu, ananunua Panadol, anaimeza na kurudi kwenye duara, yaani shimo lake la kuchimbia. Siku ya nne kichwa kikiwa bado kinagonga, anameza mseto, kwa sababu huku bondeni malaria ipo na kila mtu ameshawahi kuugua. Wiki ya pili anakwenda kupima. Malaria haionekani, basi anaambiwa huenda ni taifodi na anapewa vidonge vya siku saba. Wiki ya tatu anaanza kutapika hata kama hajala, anaona watu wawili pale aliposimama mmoja, na anajibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Hapo wenzake wa kambini wanagawanyika. Mmoja anasema karogwa kwa ajili ya mawe yake, mwingine anasema ni gongo, wa tatu anatafuta bodaboda.

Mgonjwa huyo hana jina, kwa sababu ni wengi. Madaktari wa wodi za watu wazima, kuanzia Mbeya hadi Kampala, wanaijua njia yake kituo kwa kituo. Kinachowapoteza ndugu na wauza dawa ni mwendo. Homa ya uti wa mgongo, katika masikio ya wengi, ni ugonjwa wa kasi: asubuhi mtu yuko shambani, kesho yake anazikwa. Aina hiyo ipo, na sura hii itaifikia. Lakini katika Nyanda za Juu Kusini, ambako maambukizi ya VVU yako juu kuliko karibu kila mahali nchini, mtu mzima anayeugua homa ya uti wa mgongo yumkini ameshikwa na ile inayotembea polepole. Upole huo ndio unaoiwezesha kupita mbele ya kaunta tatu za dawa bila kutambuliwa.

Tuanze na mahali penyewe panapougua. Ubongo umefunikwa na tabaka tatu za utando, na utando huo unateremka ndani ya mfereji wa uti wa mgongo hadi chini ya kiuno. Katikati ya tabaka za ndani yamo maji, kama mililita 150 kwa mtu mzima, ambayo mwili huyatengeneza na kuyanyonya upya mara tatu au nne kwa siku. Ni maji safi mno, karibu hayana chembe yoyote ya kinga. Kwa hiyo kidudu kikifanikiwa kuvuka kutoka kwenye damu na kuingia humo, kinakuta shamba lisilo na mlinzi. Kinga ya mwili inapofika inakuja na vurugu: utando unavimba, maji yanashindwa kupita vizuri, na shinikizo linapanda ndani ya fuvu ambalo haliwezi kutanuka. Ndiyo sababu ya kichwa kuuma kupita kawaida, kutapika na kukimbia mwanga. Shingo nayo inakakamaa kwa sababu kuinamisha kidevu kifuani kunavuta utando uliovimba mgongo mzima, na misuli inagoma.

Vitabu vya zamani vya tiba vilipenda utatu wa homa, shingo ngumu na kuchanganyikiwa. Wagonjwa hawajavisoma vitabu hivyo. Mtoto mchanga hana shingo ngumu. Anaacha kunyonya, analegea, analia kilio chembamba, na pengine utosi wake unavimba badala ya kutulia. Mtu ambaye VVU imeshamaliza kinga yake naye anaweza kukosa shingo ngumu, na hata homa, maana utando hauvimbi kwa nguvu kama hakuna askari wa kuuvimbisha. Anabaki na kichwa tu. Kichwa cha wiki mbili, tatu, kisichosikia dawa.

Sasa ile ya kasi. Bakteria anayeitwa meningokokasi hukaa kooni mwa watu wengi wazima bila kuwadhuru. Mmoja kati ya kumi anaweza kuwa naye na asijue. Anasambaa kwa mate na pumzi za karibu: kukohoa, kubusu, kulala wengi chumba kimoja, kunywea kikombe kimoja. Kwa wachache anapenya na kuingia kwenye damu, na hapo saa zinahesabika. Wasipotibiwa, nusu ya wagonjwa hufa. Wakitibiwa, bado karibu mmoja kati ya kumi anakufa, na miongoni mwa wanaopona wapo wanaobaki viziwi, wenye kifafa au waliokatwa vidole vilivyooza kwa kukosa damu.

Mwaka 1963 daktari wa jeshi la Ufaransa, Léon Lapeyssonnie, alichora kwenye ramani ukanda mkavu kusini mwa Sahara ambako ugonjwa huu hulipuka kila baada ya miaka kadhaa, wakati wa vumbi kabla ya mvua. Mlipuko mkubwa kuliko yote uliorekodiwa humo ulikuwa wa 1996 na 1997: wagonjwa zaidi ya 250,000, vifo vinavyokaribia 25,000. Baadaye ukanda huo ulipanuliwa katika hesabu za Shirika la Afya Duniani hadi nchi 26, na Tanzania imo, kwenye ukingo. Mnamo Desemba 2010 Burkina Faso ilianza kutumia chanjo ya MenAfriVac, iliyotengenezwa India kwa ajili ya Afrika na kuuzwa chini ya nusu dola kwa dozi. Kundi A la bakteria huyo, lililokuwa likiua kuliko yote, halijaonekana tena katika ukanda huo tangu 2017. Makundi mengine, C, W na X, yakajitokeza kuchukua nafasi, na Aprili 2024 Nigeria ikawa nchi ya kwanza kutumia chanjo mpya inayozuia makundi matano kwa pamoja.

Yote hayo yako mbali na Chunya, lakini bakteria hawa husafiri. Mwaka 1989 Nairobi ilipata mlipuko uliougusa zaidi mitaa ya mabanda, na wanasayansi walipolinganisha vimelea waligundua kuwa ni wa ukoo uleule uliowaambukiza mahujaji Makka mwaka 1987. Ndiyo maana leo hujaji wa Zanzibar, Dar es Salaam au Mombasa hapati safari bila cheti cha chanjo ya meningokokasi. Na Septemba 2021, serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza mlipuko wa kundi W huko Banalia, mkoani Tshopo, nchi ya msitu na machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Siku ya tangazo walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 261 walioshukiwa na vifo 129. Karibu nusu. Ugonjwa ulikuwa umezunguka kwa miezi kabla haujapewa jina, watu wakijitibu majumbani.

Mtu wa Chunya akiisoma habari ya Banalia hana sababu ya kuiona ya kigeni. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na miaka ya 1930 wazungu na Waafrika walimiminika huko kwa maelfu. Mgodi wa Saza, uliofungwa 1956, ulikuwa wa pili kwa uzalishaji Tanganyika baada ya Geita. Tangu hapo wachimbaji wadogo hawajaondoka. Rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu mpya, ikitokea, taarifa inafika Geita na Kahama kabla ya jioni, na wiki haijaisha pori limeshakuwa mji wa maturubai: vijana wanane wanalala bega kwa bega, sufuria moja, kopo moja la maji, na kituo cha afya kiko kilomita nyingi nyuma yao. Meningokokasi hahitaji zaidi ya hayo. Wakati wa mlipuko, tiba yenyewe si ngumu: sindano ya seftriaksoni, inayopatikana hadi vituo vya afya vingi, na waliolala chumba kimoja na mgonjwa hupewa dawa ya kinga. Kigumu ni kumwahisha mtu siku hiyohiyo, na kwa ugonjwa huu kila saa inahesabika.

Kwa watoto hadithi imebadilika, na imebadilika kwa uzuri kuliko wazazi wengi wanavyojua, kwa kuwa ugonjwa usiotokea hautangazwi redioni. Wauaji wakuu wa utando wa ubongo wa mtoto walikuwa bakteria wawili, Hib na nimokokasi. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wa KEMRI wamekuwa wakiandika kila mtoto anayelazwa kwa miaka mingi. Kenya ilianza chanjo ya Hib Novemba 2001, na ndani ya miaka mitatu ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto wa chini ya miaka mitano hapo Kilifi ulikuwa umeshuka kwa asilimia 88. Tanzania iliingiza Hib ndani ya chanjo ya Penta mwaka 2009, na chanjo ya nimokokasi ikafuata Januari 2013. Zote mbili hudungwa mtoto akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne. Ile ya BCG ya siku za mwanzo, inayoacha kovu begani, kazi yake kubwa ni kumkinga mtoto mdogo na kifua kikuu cha kwenye utando wa ubongo. Mama anayebeba kadi ya kliniki kwa miguu kutoka kitongoji cha mbali huko Lupa anambebea mwanawe kinga dhidi ya aina tatu za ugonjwa huu, hata kama kwenye kadi hakuna mahali palipoandikwa homa ya uti wa mgongo.

Hata hivyo, mtoto anapougua, lipo tatizo la degedege. Kote Tanzania degedege limekuwa na maelezo yake ya jadi, la ndege au la mzimu unaopita usiku, na watafiti waliofanya kazi Bagamoyo na kwingineko waliandika tangu miaka ya 1990 jinsi wazazi wanavyoanzia kwa mganga kwa sababu wanaamini sindano itamuua mtoto mwenye degedege. Malaria kali inaleta degedege. Homa ya uti wa mgongo nayo inaleta degedege. Kwa macho hazitofautiki, na mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu na bakteria kwenye maji ya ubongo kwa wakati mmoja, kisha akatibiwa kile kilichoonekana kwanza. Mganga wa kienyeji anayefukiza mtoto kwa siku mbili hamwekei sumu. Anamlia muda tu, lakini muda ndio mtoto aliokuwa nao. Na mtoto aliyepona apimwe masikio. Uziwi baada ya ugonjwa huu ni wa kawaida kiasi kwamba mzazi anaweza kuishi miaka akidhani ana mtoto mkaidi.

Virusi navyo huleta homa ya uti wa mgongo, na mara nyingi mgonjwa hupona bila dawa maalumu. Tuviache hapo.

Turudi kwa mchimbaji wetu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na virusi. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Sababu zimejadiliwa kwa miaka: barabara kuu ya Tunduma na malori yake, mashamba ya chai, wanaume wanaoishi mbali na nyumbani, fedha ya dhahabu inayokuja kwa kishindo na kuondoka vivyo hivyo. Dawa za kufubaza VVU zinapatikana bure na zimeokoa maisha ya watu wengi. Lakini wako wanaopima wakiwa wamechelewa, na wako walioanza dawa wakaziacha. Kwa hao, chembe za CD4 zinaposhuka chini ya 100, mlango unafunguka kwa fangasi mmoja.

Fangasi huyo ni kriptokokasi. Anaishi kwenye udongo, kwenye kinyesi cha njiwa, kwenye magome ya miti. Karibu kila mtu amemvuta puani wakati fulani, na mapafu yenye afya yanamfungia asifurukute. Kinga ikianguka anatoka, anaingia kwenye damu, na kwa sababu ambazo bado zinachunguzwa anapenda kukaa kwenye maji ya ubongo. Ana gamba nene la sukari ambalo kinga haiwezi kulishika vizuri. Hana haraka. Anazaliana humo kwa wiki kadhaa, gamba lake linaziba mahali maji yanaponyonywa, na shinikizo linapanda hadi macho yanapoteza nuru na mtu anaanza kuona maluweluwe. Kwa makadirio ya 2020, watu wapatao 152,000 duniani walipata ugonjwa huu ndani ya mwaka mmoja, na 112,000 walikufa, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara. Kati ya vifo vyote vinavyotokana na UKIMWI, karibu kimoja kati ya vitano ni chake. Kwa ugonjwa wenye ukubwa huo, inashangaza ni watu wangapi hawajawahi kulisikia jina lake.

Kinachouma zaidi ni kwamba anaweza kukamatwa mapema. Chembechembe za gamba lake huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla ya kichwa kuanza kuuma. Kipimo chake ni kijiti cha karatasi kinachochovywa kwenye tone la damu iliyochujwa, majibu ndani ya dakika kumi, bila umeme. Mtanzania Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, aliongoza utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka kwa watu 1,999 waliokuwa wanaanza dawa za VVU wakiwa wamechelewa. Nusu yao walipewa huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipimwa fangasi huyo, na wahudumu wa jamii wakawatembelea nyumbani wiki za mwanzo kuwatia moyo kumeza dawa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2015: vifo katika kundi la pili vilikuwa pungufu kwa asilimia 28. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine ya mabilioni. Kulikuwa na kijiti, na mtu anayebisha hodi.

Mgonjwa anayegundulika baada ya kichwa kuuma anahitaji mambo mawili, dawa na sindano ya mgongo, na ni hiyo ya pili inayozua ugomvi wodini.

Kutoa maji ya mgongo kunaogopwa kuliko ugonjwa wenyewe. Ndugu husema waziwazi: fulani alitolewa maji akafa, fulani alipooza. Kumbukumbu zao mara nyingi ni za kweli. Mgonjwa alichomwa sindano na akafa. Alichomwa akiwa wiki ya nne ya ugonjwa, shinikizo likiwa limeshapita kiwango, na kifo kilichokuwa njiani kikaandikwa kwenye hesabu ya sindano. Kuhusu kupooza, jibu ni la maumbile. Neva kuu inayoshuka ndani ya mgongo wa mtu mzima inaishia usawa wa mbavu za mwisho. Sindano inaingia chini ya hapo, karibu na kiuno, kati ya pingili ya kiuno ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali penye maji na nyuzi nyembamba zinazoelea. Maumivu ya kiuno yapo, na kichwa kinaweza kuuma siku kadhaa. Kuna wagonjwa ambao daktari ataiahirisha, kwa mfano mwenye dalili za uvimbe ndani ya ubongo au damu isiyoganda, na kuuliza kabla ya kukubali ni haki ya ndugu.

Wanachosahau kuelezwa ndugu ni kwamba kwa mgonjwa wa fangasi sindano hiyo ni tiba. Daktari Mjerumani Heinrich Quincke alipoianzisha mwaka 1891 hakuwa anatafuta vimelea kwanza. Alikuwa anawapunguzia watoto shinikizo la kichwani. Kazi hiyo haijabadilika. Maji yakipimwa na kukutwa yana nguvu kupita kiasi, yanapunguzwa kidogokidogo, na kesho yake tena, na keshokutwa tena, hadi yatulie. Wagonjwa waliokuwa wanalia usiku kucha hulala. Utafiti wa Kampala na Cape Town uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba waliopunguziwa maji siku za mwanzo walinusurika zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko wasiopunguziwa. Familia inayokataa sindano ya pili kwa huruma inamrudishia mgonjwa shinikizo lote.

Upande wa dawa, miaka kumi iliyopita imekuwa na habari njema kuliko miaka hamsini iliyoitangulia. Kwa muda mrefu hospitali nyingi za Afrika zilikuwa na vidonge vya flukonazoli peke yake, na zaidi ya nusu ya wagonjwa walikufa wakivimeza. Dawa yenye nguvu, amfoterisini B, iligunduliwa miaka ya 1950. Ilitolewa kwa dripu kwa wiki mbili, ikichoma mishipa, ikidhoofisha figo na kumaliza madini ya potasiamu mwilini, kwa hiyo ilidai maabara ya kila siku ambayo wodi nyingi hazikuwa nayo. Utafiti uitwao ACTA, uliofanyika Tanzania, Zambia, Malawi na Cameroon kwa wagonjwa 721, ulionyesha mwaka 2018 kuwa wiki moja ya dripu inatosha ikiambatana na vidonge vya flusitosini. Kisha utafiti wa AMBITION, uliohusisha wagonjwa 844 wakiwemo wa Uganda na Malawi, ukaonyesha mwaka 2022 kwamba dozi moja kubwa ya aina mpya ya amfoterisini, iliyofungwa ndani ya mafuta, pamoja na vidonge vya siku kumi na nne, inafanya kazi sawa na dripu za wiki nzima na inaumiza figo kidogo. Shirika la Afya Duniani liliikubali tiba hiyo mwaka huohuo. Dripu moja. Kwa hospitali yenye wauguzi wachache, tofauti ni kubwa mno, ikiwa dawa ipo ghalani siku mgonjwa anapofika.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata wahudumu. Mgonjwa aliyekutwa na VVU na fangasi siku moja hapaswi kuanzishiwa dawa za VVU siku hiyo. Mtu angedhani kuharakisha ndiyo busara. Utafiti wa COAT, uliofanyika Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa 2014, ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu walioanza dawa ndani ya wiki mbili walikuwa wanakufa zaidi: asilimia 45 baada ya miezi sita, dhidi ya 30 kwa waliosubiri wiki tano. Kinga inayoamka ghafla inakuta utando umejaa fangasi na kuanzisha vita humohumo ndani ya fuvu. Wanasubirishwa wiki nne hadi sita.

Wa pili katika kundi la polepole ni kifua kikuu, na hapa Chunya ina sababu yake ya ziada. Dhahabu ya Lupa imo ndani ya mawe ya kwatzi. Mawe yanapovunjwa kwenye karasha, hutoka vumbi jeupe la silika ambalo kitambaa cha puani hakilizuii. Chembe zake zinaua zile seli za mapafu ambazo kazi yake ni kuwameza bakteria wa kifua kikuu, na mtu aliyekaa miaka karashani anabaki katika hatari kubwa ya ugonjwa huo hata akiacha kazi. Kusini mwa Tanzania jambo hili lina historia ndefu: Wenela, shirika la kuandikisha vibarua wa migodini, ilikusanya vijana wa Rungwe na Mbeya kuwapeleka migodi ya Afrika Kusini hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na migodi ile ilijulikana kwa vifua vyake. VVU na vumbi vikikutana ndani ya kifua kimoja, bakteria wanaweza kusafiri hadi kwenye utando wa ubongo. Dalili ni zilezile za polepole: kichwa, homa za jioni, kukonda, hasira zisizo za kawaida, kisha jicho kwenda upande au mkono kulegea. Tiba ni vidonge vya kifua kikuu kwa miezi 12 badala ya sita. Hata wanapotibiwa, wengi hufa au hubaki na ulemavu, hasa walioletwa wakiwa wamezimia.

Ni katika kuzitenganisha aina hizi ndipo sindano ya mgongo inapojilipa. Chukua deksamethasoni, dawa ya bei ndogo ya kupunguza uvimbe. Kwa kifua kikuu cha utando, utafiti wa Vietnam wa 2004 ulionyesha kuwa inapunguza vifo. Kwa bakteria wa kasi, Ulaya iliipokea kwa shangwe mwaka 2002, lakini Blantyre, ng'ambo ya Mto Songwe nchini Malawi, majaribio mawili, ya watoto na ya watu wazima, hayakuona faida yoyote. Kwa fangasi, utafiti ulioshirikisha Malawi, Uganda na nchi nne za Asia ulisitishwa kwa sababu waliopewa dawa hiyo waliishia na ulemavu zaidi. Dawa ileile, wodi ileile, wagonjwa watatu wenye kichwa kinachofanana. Bila maji ya mgongo daktari anabahatisha ni nani kati yao anamsaidia na ni nani anamwumiza.

Kutoka Chunya hadi Mbeya mjini ni kilomita 72 za lami inayopanda na kuzunguka milima kabla ya kushuka upande wa pili. Kutoka Makongolosi ongeza 39. Zamani, wakati wa vumbi na matope, safari hiyo ilikuwa ya nusu siku. Sasa gari la wagonjwa linaweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Kanda kwa muda wa saa mbili hivi. Kwa hiyo mwanya mkubwa kwa mgonjwa wa polepole uko katika wiki tatu za kaunta za dawa zinazotangulia safari. Muuza dawa muhimu akimwona mtu yuleyule mara ya tatu kwa kichwa kilekile, swali lenye faida ni kama ameshapima VVU, au kama alikuwa anameza dawa akaacha, kisha amwandikie karatasi ya kwenda kituo cha afya chenye kipimo cha kijiti.

Na anayepona bado ana mwaka mzima mbele yake. Baada ya wiki mbili za mwanzo, flukonazoli inaendelea: miligramu 800 kila siku kwa wiki nane, halafu 200 kila siku kwa angalau mwaka mmoja, hadi CD4 zipande na VVU ifubae. Akiacha katikati, fangasi anarudi. Mchimbaji akisikia rashi mpya imetokea Lupa Tingatinga au Kahama, ataondoka. Kumzuia hakuna anayeweza. Kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, CTC, inachoweza kufanya ni kumpa dawa za miezi kadhaa badala ya mmoja, barua ya uhamisho, na kadi yake yenye namba, ambayo kliniki ya huko aendako itaitumia kumpa dozi inayofuata bila kumwanzisha upya.